Kwa Nini Njaa Hairudi Nyuma: Uvimbe Ndani ya Ubongo na Unene wa Mwili

Wengi wetu hapa Tulia na kwingineko Kitui Magharibi tumelelewa tukijua tatizo moja tu la chakula, nalo ni kukikosa. Mvua ikikataa misimu miwili mfululizo, ghala linabaki na vumbi na bei ya gorogoro la mahindi inapanda kila wiki. Takwimu zinathibitisha kumbukumbu hiyo. Utafiti wa kitaifa wa KDHS wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa Kitui, pamoja na Pokot Magharibi, ndizo zilizoongoza nchini kwa watoto waliodumaa: asilimia 46, karibu mtoto mmoja kati ya kila wawili.

Utafiti huo huo, hata hivyo, uliwapima akina mama pia, na sehemu hiyo haikuzungumziwa sana. Mwaka 2014, asilimia 33 ya wanawake wa Kenya walio kati ya miaka 15 na 49 walikuwa na uzani uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Uliporudiwa mwaka 2022, walio katika hali hiyo kati ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 walikuwa asilimia 45. Nyumba moja sasa inaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mama anayetibiwa kisukari, wote wakila kutoka kwa sufuria moja.

Zamani unene ulichukuliwa kuwa jambo la Nairobi. Ulikuwa hivyo kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliowapima zaidi ya watu 1,400 wakiwemo Wakamba, Wajaluo na Wamaasai wa mashambani pamoja na wakazi wa mjini, ulipata kuwa asilimia 39.8 ya watu wa mjini walikuwa na uzani uliozidi, ilhali mashambani walikuwa asilimia 15.8. Matokeo ya kisukari yaliyotolewa mwaka uliofuata yalikuwa ya kushtua zaidi: asilimia 12.2 mjini na 2.2 mashambani. Watu walikuwa Wakenya wale wale, wengine wa ukoo mmoja. Kilichobadilika ni sahani na mwendo wa miguu. Na sasa mambo yaliyoifanya Nairobi kuwa Nairobi yameshafika kwetu. Kibanda cha chipsi kiko kituoni, soda iko kwenye kila duka, na boda boda inakupeleka mahali ambapo mama yako alikuwa akienda kwa miguu akiwa na mtungi mgongoni.

Hadi hapa ni habari ambayo mhudumu yeyote wa afya angekupa. Somo la toleo hili linahusu swali gumu zaidi: kwa nini mtu aliyenenepa, akijua vizuri kuwa uzani unamuumiza, hushindwa kuupunguza? Jibu linalotolewa barazani ni ulafi na uvivu. Sayansi ya miaka ishirini iliyopita inatoa jibu tofauti, na linaanzia ndani ya kichwa.

Mlinzi wa ghala

Chini kabisa ya ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo mdomo unaishia nyuma, kuna sehemu ndogo isiyozidi ncha ya kidole gumba. Wataalamu huiita haipothalamasi. Ndiyo inayoshughulikia joto la mwili, kiu, na usingizi kwa kiasi fulani. Kazi yake inayotuhusu leo ni kulinda akiba ya nguvu mwilini. Tuiite mlinzi wa ghala.

Mlinzi huyu hakai akiangalia kila mlango. Anategemea ujumbe. Ujumbe mkubwa kuliko wote unatoka kwenye mafuta ya mwili yenyewe, kwa njia ya homoni iitwayo leptini. Mafuta yakiongezeka, leptini inaongezeka katika damu na kumwambia mlinzi: ghala limejaa. Mlinzi akisikia, anapunguza hamu ya kula na kuuachia mwili uchome nguvu zaidi. Mafuta yakipungua, leptini inashuka, na mlinzi anapiga kengele ya njaa. Kwa watu walioishi vizazi vingi na ukame, kengele hiyo iliokoa maisha.

Leptini iligunduliwa mwaka 1994 na kundi la Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller jijini New York. Watu walifurahi mno. Ilidhaniwa kuwa kilichobaki ni kuwadunga wanene sindano ya leptini na tatizo kwisha. Kwa watu wachache sana waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza homoni hiyo, sindano ilifanya maajabu: mwaka 1999 madaktari wa Cambridge, Uingereza, waliripoti mtoto aliyekuwa na njaa isiyokoma ambaye uzani wake ulianza kushuka baada ya kutibiwa hivyo. Lakini kwa wanene wa kawaida haikusaidia sana. Walipopimwa damu, walikutwa na leptini nyingi tayari, kuliko watu wembamba. Ujumbe ulikuwa unatumwa kila siku, na mlinzi hakuwa akiusikia.

Ni kama kumpigia simu mtu aliye karibu na mashine ya kusaga posho. Simu inaita, lakini kelele imezidi. Kelele yenyewe inatoka wapi?

Mwiba usioonekana

Ukichomwa na mwiba wa mgunga shambani, pale palipochomwa panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba na kuuma. Hao ni askari wa kinga ya mwili wamefika kazini. Wanapigana na vijidudu vilivyoingia na mwiba, wanasafisha, kisha wanaondoka na uvimbe unaisha. Uvimbe wa aina hii ni msaada, mradi uwe na mwisho.

Ubongo una askari wake pia, chembe ndogo ziitwazo maikroglia. Nazo hushambulia adui na kuzoa taka. Kinachotokea katika haipothalamasi ya mnyama anayelishwa mafuta mengi ni kwamba askari hawa wanaamka ilhali hakuna mwiba wala ugonjwa. Wanatoa kemikali za vita katikati ya chembe zinazosikiliza leptini. Hakuna maumivu, hakuna homa, wala kichwa hakiumi. Tafadhali tusichanganye jambo hili na homa ya uti wa mgongo, wala uvimbe wa saratani unaoota kichwani. Huu ni uvimbe mdogo, wa kimyakimya, unaoonekana kwa darubini na vipimo vya maabara tu.

Dalili za kwanza zilizotikisa wataalamu zilitoka Brazil. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Campinas walionyesha kuwa panya waliolishwa chakula chenye mafuta mengi walipata uvimbe huo katika haipothalamasi, na kwamba sehemu hiyo ilikuwa imeanza kutoisikia insulini, homoni nyingine inayomwambia mlinzi kuwa mwili umeshiba. Miaka minne baadaye, watafiti wa hapo hapo walieleza njia mojawapo. Askari wa ubongo wana kipokezi ambacho kazi yake ni kutambua bakteria. Aina fulani ya mafuta, yale yanayoganda yakipoa, hugusa kipokezi hicho hicho. Kwa maneno mengine, ubongo unayapokea mafuta hayo kana kwamba ni mvamizi.

Halafu ikaja kazi ya mwaka 2012 kutoka Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ambayo kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo inayostahili kukumbukwa zaidi. Wengi walikuwa wakifikiri kuwa uvimbe ni matokeo ya unene: mtu ananenepa kwanza, kisha mwili unachafuka. Kwa viungo vingine kama ini, mpangilio ndio huo. Watafiti wa Seattle walipowachunguza panya na buku siku baada ya siku, waliona uvimbe wa haipothalamasi ukianza ndani ya siku moja hadi tatu tangu chakula kibadilishwe. Wanyama hao walikuwa bado hawajanenepa kwa kiasi cha maana. Katika wiki ya kwanza zilionekana hata dalili za kuumia kwa chembe zinazosimamia hamu ya kula. Kisha hali ikatulia kwa muda, kana kwamba ubongo umejitibu. Chakula kilipoendelea kuwa kile kile, uvimbe ukarudi, na safari hii haukuondoka.

Watafiti hao waliangalia pia picha za ubongo wa binadamu zilizopigwa kwa mashine ya MRI. Wanene walikuwa na dalili za makovu katika sehemu hiyo hiyo kuliko watu wembamba.

Lilibaki swali la ushahidi. Je, askari hawa ndio wanaoleta njaa, au wanapita tu? Mwaka 2017 kundi la Chuo Kikuu cha California, San Francisco, lilijaribu pande zote mbili. Walipowaondoa askari hao kwa dawa, panya waliolishwa mafuta walikula kidogo na hawakunenepa sana. Walipowaamsha askari kwa makusudi, panya waliolishwa chakula cha kawaida kabisa walianza kula kupita kiasi na kunenepa.

Tusiruke mto kabla ya kuufikia

Panya wa maabara hali kama sisi. Katika majaribio mengi ya aina hii, karibu asilimia 60 ya nguvu ya chakula chao ilitoka kwenye mafuta, kiwango ambacho ni vigumu binadamu kukifikia kila siku. Sahani moja ya chipsi siku ya mwisho wa mwezi haiharibu ubongo wa mtu. Tena picha za MRI zinaonyesha kuwa unene na makovu vinakwenda pamoja kwa binadamu. Peke yake haziwezi kusema kipi kilimleta mwenzake. Na unene una sababu nyingine ambazo zote ni za kweli: urithi wa familia, usingizi mchache, baadhi ya dawa, msongo wa mawazo, na bei ya vyakula.

Hili la bei halisemwi vya kutosha. Mandazi mawili na chai ya sukari ndicho kiamsha kinywa cha bei nafuu kuliko vyote kwa fundi anayekimbilia kazi. Kumwambia ale tunda na yai bila kutaja mfuko wake ni kumdharau.

Pamoja na tahadhari hizo, kuna mambo ambayo hatuwezi kuendelea kuyasema kama zamani.

La kwanza ni kejeli. Mtu mnene akifika zahanati na kuambiwa mbele ya foleni kwamba apunguze mdomo, mara nyingi harudi, na shinikizo lake la damu linaendelea kupanda akiwa nyumbani. Kama mlinzi wa ghala haisikii leptini, mtu huyo anahisi njaa ya kweli. Si ya kujifanya. Anaweza kuipinga kwa nia, kama unavyoweza kuipinga kiu kwa saa kadhaa, lakini ni kazi ngumu kuliko anayoifanya jirani yake mwembamba anayemcheka.

Upo pia upande wa pili wa sarafu hiyo. Kwetu, kunenepa bado ni dalili kwamba mambo yamekunyookea, na anayepungua huanza kunong'onezwa kuwa ana ugonjwa. Kuna wanaorudia sahani ya pili kwa sababu ya minong'ono hiyo. Mume na mama mkwe wana nafasi hapa kuliko kaunti.

La pili ni kupunguza uzani kwa pupa. Anayefunga kula kwa wiki mbili ili avae nguo ya harusi hushusha leptini yake ghafla, na mlinzi anasoma hali hiyo kama kiangazi kimeingia. Njaa inaongezeka na mwili unabana matumizi. Watafiti wa Melbourne, Australia, waliwafuatilia watu 50 waliopunguza uzani kwa chakula kidogo sana, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Mwaka mzima baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijarudi pale zilipokuwa. Ndiyo maana kilo zilizopotea kwa haraka hurudi, mara nyingine na nyongeza. Kupungua polepole, nusu kilo au kilo moja kwa wiki, na kubadilisha chakula cha kila siku badala ya kukikata, kuna nafasi nzuri zaidi ya kudumu.

La tatu, na ndilo zito kuliko yote, linahusu watoto. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021 ulipiga picha za ubongo wa watoto wa umri wa shule ya msingi. Wale waliokuwa na dalili zaidi za uvimbe katika haipothalamasi ndio waliokuja kuongeza uzani zaidi baadaye. Sasa fikiria mtoto anayepewa shilingi ishirini kila asubuhi anunue kitu langoni mwa shule. Kinachouzwa pale ni mandazi, kaukau, peremende na vinywaji vya rangi. Mlinzi wake wa ghala bado ni mchanga.

Sahani ya Ukambani

Habari njema ni kwamba chakula ambacho bibi zetu walikijua hakifanani kabisa na kile cha panya wa maabara. Muthokoi na kunde, isyo iliyochanganywa na mbaazi, ndengu, uji wa mawele au mtama, mboga za kunde zilizochumwa asubuhi: hivi vina nyuzinyuzi nyingi, protini ya kutosha na mafuta kidogo. Vinashibisha kwa muda mrefu kwa sababu tumbo huvisaga polepole. Vinastahimili ukame kuliko mahindi, na gunia likiwa ghalani hakuna haja ya kupanda gari kwenda kuvitafuta.

Aibu ni kwamba tumeanza kuviita chakula cha shida. Mgeni akija tunakimbilia wali na chapati, na ndengu tunazipakia kwenye lori ziende Nairobi, ambako wenye pesa wanashauriwa na madaktari wao wazile.

Ubaya wa pili umejificha kwenye sufuria. Isyo nzuri inaweza kuharibika kwa kukaangwa katika vijiko vitano vya mafuta yanayoganda. Anayepikia familia ya watu watano anaweza kujaribu hivi: pima mafuta kwa kijiko badala ya kuyamimina kutoka kwa chupa au kuyachota kwa mwiko, na ukipata nafasi chagua ya maji badala ya yale yanayoganda. Mafuta yaliyokwisha kukaanga chipsi hadi yakawa meusi yasirudishwe jikoni kwa mboga, hata kama aliyekupa ni rafiki. Sukari ya chai ipunguzwe taratibu, nusu kijiko kwa nusu kijiko, na ulimi utazoea baada ya majuma machache. Parachichi, njugu na simsim vina mafuta pia, lakini si ya aina iliyotajwa katika utafiti wa Brazil. Kiasi kidogo hakina neno.

Kuhusu mwendo wa miguu, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Tumezoea kuambiwa kuwa mazoezi husaidia kwa kuchoma mafuta. Watafiti wa Campinas walionyesha mwaka 2010 kuwa mazoezi yalipunguza uvimbe katika haipothalamasi ya panya wanene, na mlinzi akaanza tena kuzisikia leptini na insulini. Huenda hapo ndipo faida ya kutembea ilipo, hata pale mizani inapokataa kusonga. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukufanya upumue kwa kasi. Hiyo ni nusu saa siku tano. Kwa aliye na shamba na jembe, kazi hiyo imeshafanyika. Kwa anayekaa dukani au ofisini kutwa, wakiwemo sisi tunaoandika jarida hili, boda boda ya asubuhi ndiyo ya kwanza kuachwa.

Je, uvimbe ukishaingia unaweza kutoka? Watafiti wa Brazil waliwachunguza watu wanene kabla na baada ya kupunguza uzani kwa upasuaji wa tumbo, na mwaka 2011 waliripoti kuwa utendaji wa haipothalamasi ulikuwa umerudi kwa sehemu. Haukurudi wote. Kwa hiyo mlango haujafungwa, lakini kuanza mapema ni rahisi kuliko kuanza baadaye.

Pa kuanzia

Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii kote nchini walipewa mikoba yenye mizani, mashine ya kupima shinikizo la damu na kifaa cha kupima sukari. Anapobisha mlangoni, mwombe akupime. Nyumbani unaweza kuanza na futi ya fundi cherehani: izungushe kiunoni usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Mwanamke aliyevuka sentimita 80 na mwanamume aliyevuka 94 wana sababu ya kwenda zahanati wapimwe sukari na shinikizo, hata kama wanajisikia vizuri. Ukitaka hesabu ya uzani, gawanya kilo zako kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu la 25 au zaidi ni uzani uliozidi, na 30 au zaidi ni unene wa kupindukia.

Usinunue dawa za kupunguza unene zinazotembezwa sokoni au kuuzwa kwa simu, ziwe za mitishamba au za vidonge. Zipo sindano halali zinazofanya kazi kwa kumrudishia mlinzi wa ghala ujumbe wa kushiba, lakini zinatolewa na daktari baada ya uchunguzi. Mama mjamzito au anayenyonyesha, mwenye kisukari anayetumia insulini, na mtoto anayekua wasipunguziwe chakula kabla ya kuonana na mhudumu wa afya.

Na kwa wazazi wenye watoto katika shule za msingi: muulize mwalimu mkuu, katika mkutano ujao wa wazazi, ni nini kinachouzwa langoni saa nne asubuhi, na kama isyo ya shule inaweza kuwahi saa hiyo badala ya saa saba.